Kaka kapata, dada kapewa

Karatasi ilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ubao wa matangazo, pembeni ya mashine ya fotokopi. Majina mawili tu. Mwenzetu mmoja, mwanamume, amekuwa mkuu wa kitengo cha masoko. Mwingine, mwanamke, mkuu wa kitengo cha madai. Ilikuwa kampuni ya bima, jijini Dar es Salaam, miaka kadhaa iliyopita, na barua zote mbili zilisainiwa siku moja kwa kalamu moja. Kwenye karatasi ile wote wawili "wameteuliwa". Lakini ilipofika saa nne, watu walipokusanyika jikoni kwa chai na chapati, habari ilikuwa imeshashuka kutoka ubaoni ikaingia midomoni, na huko midomoni ikagawanyika. Kaka kaula. Kaka kapata cheo, hongera kaka, usitusahau. Dada yeye kapewa.

"Kapewa na nani?" akauliza mtu kutoka upande wa friji.

Tukacheka. Nasema tukacheka kwa sababu nilikuwemo, mwanamke mtu mzima na kikombe changu mkononi, na sikuona ubaya wowote. Baadaye sana ndipo nilipogundua kwamba katika mazungumzo yale hamkuwa na tusi hata moja. Ungeyapeleka kwa afisa rasilimali watu angekuuliza kosa liko wapi. Kosa lilikuwa kwenye herufi moja, w, iliyojibanza ndani ya kitenzi.

Anayepata katoka kwake kwenda kutafuta. Kaamka alfajiri, kapanga foleni, kahangaika, kapata. Anayepewa alikuwa amekaa mahali, mtu mwingine akapita na fadhila zake. Tena kitenzi cha kutendwa kina tabia ya kuacha mlango wazi: kapewa na…, kabebwa na…, kawekwa na… Msikilizaji hawezi kuuvumilia uwazi ule, lazima asimamishe mtu pale mlangoni. Na kwa kuwa anayesimamishwa karibu kila mara ni mwanamume mwenye cheo, umbea unajiumba bila mtu yeyote kuutunga. Hatukusema kwamba yule dada ana lake na mkurugenzi. Sarufi ilitusemea.

Tangu hapo nimepata ugonjwa wa kusikiliza vitenzi. Kaka kapanda, dada kapandishwa. Kaka katoboa, dada kashikwa mkono. Kaka yuko Arusha kwenye mkutano, dada wamempeleka Arusha. Hao waliompeleka hawatajwi kamwe, lakini wapo, kama wenye gari wanaomngoja abiria. Hata kosa la dada si lake: kaka kaboronga kazi, dada "walimpa kazi kubwa mno". Mwanamume naye husemwa kabebwa, sikatai. Ila kwake hiyo ni shutuma inayodai ushahidi, kwamba ni mtoto wa fulani au mkwe wa fulani. Kwa mwanamke ushahidi ni yeye mwenyewe.

Waswahili tuna kiburi kidogo katika jambo hili la lugha na jinsia, na kiburi chetu kina msingi. Mfaransa hawezi kutaja meza bila kuipa jinsia. Mwingereza hupata tabu kumsema mtu mara mbili bila kuamua kama ni mwanamume au mwanamke. Sisi tuna a- ya mmoja na wa- ya wengi, basi. Yeye ni yeye. Mwenyekiti ni mwenye kiti, kikaliwe na yeyote. Mkurugenzi, mhasibu, hakimu, mbunge, mwandishi: hakuna hata jina moja la kazi hapo lenye ndevu wala hereni. Wenzetu wanaozungumza Kiingereza wametumia miaka wakihangaika kumtoa mwanamume kwenye "chairman". Sisi hatukuwa na wa kumtoa.

Machi 2021, Rais John Magufuli alipofariki, Katiba ya mwaka 1977 ilikuwa imeshaeleza katika ibara ya 37 kwamba Makamu wa Rais ataapishwa na kuwa Rais kwa muda uliobaki. Tarehe 19 ya mwezi huo Samia Suluhu Hassan akaapa. Hapakuwa na neno katika Kiswahili cha ibara ile lililohitaji kupunguzwa wala kuongezwa kiunoni ili limkae. Mwaka huohuo sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria zetu za zamani ziliandikwa kwa Kiingereza chenye "he" kila mstari, na ikabidi kuwe na kifungu cha kufafanua kwamba maneno ya kiume yanawahusu na wanawake. Zikitafsiriwa, yule "he" anayeyukia ndani ya a- kama sukari kwenye chai, na hakuna aliyeandamana.

Shida ni safari ya kurudi. Katika ofisi nyingi kikao huendeshwa kwa Kiswahili, muhtasari ukaandikwa kwa Kiingereza kwa sababu ya bodi au wafadhili. Rafiki yangu mmoja, mhandisi wa maji, aliwahi kusoma muhtasari wa kikao alichokiongoza mwenyewe akajikuta ni mwanamume tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Aliyeuandika alikuwa kijana aliyekaa viti vitatu kutoka kwake, aliyemsikia kwa masikio yake na kumwona kwa macho yake, kilemba na yote. Alipoulizwa akasema ameupitisha kwenye programu ya kutafsiri, hakurudia kusoma. Rafiki yangu anasema kilichomchekesha ni kwamba mtunza kumbukumbu wa kikao, ambaye ni mwanamume, aligeuzwa kuwa mwanamke.

Programu haina chuki na mtu. Imelishwa maandishi ya watu, na katika maandishi ya watu mhandisi amezoea kuwa mwanamume na katibu mwanamke. Mwaka 2018 Google walikiri kwamba mtambo wao ulikuwa ukirithi upendeleo wa namna hiyo, wakaanza kutoa majibu mawili, la kike na la kiume, kwa sentensi za Kituruki, lugha ambayo kama yetu haibagui "yeye" wa kike na wa kiume. Yaani a- yetu huficha jinsia ofisini, lakini haiondoi picha iliyomo kichwani mwa anayeisikia. Picha inangoja nafasi tu, na Kiingereza kinaipa.

Nikitafuta ile herufi w ilianzia wapi, narudi kila mara kwenye ndoa. Kwa Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Tunalo neno kuoana, zuri, lenye mizani, na tunalitumia kwenye kadi na kwenye mahubiri. Lakini ukimtaja mmoja mmoja, mmoja katenda na mwingine katendwa. Ndiyo maana mwanamume akihamia kwenye nyumba ya mke mwenye mshahara mkubwa, wenzake ofisini humkata kwa neno moja: kaolewa. Hawahitaji kuongeza kitu. Kwa mwanamume, kutendwa ndilo tusi lenyewe.

Neno hilohilo huingia chumba cha usaili. "Umeolewa?" huulizwa mwishoni, kalamu zikiwa zimeshafunikwa, kwa tabasamu, kana kwamba ni mazungumzo tu. Mwanamume naye huulizwa kama ameoa, ila majibu hayapelekwi sehemu moja. Aliyeoa katulia, ana majukumu, hatakimbia kazi. Aliyeolewa atapata mimba. Asiyeolewa ataolewa, kisha atapata mimba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa jinsia, kwa ujauzito, kwa hali ya ndoa na kwa majukumu ya familia. Imevitaja vyote, kimoja kimoja. Swali linaulizwa vilevile, maana halikuandikwa popote.

Hata tulipotaka kujitetea tulikwenda na w yetu. Kwa miaka mingi kaulimbiu kwenye fulana na vitenge vya Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi, imekuwa kwamba wanawake wakiwezeshwa wanaweza. Nimeivaa. Nimeiimba juani nikiwa na kofia ya karatasi. Siku moja binti wa mafunzo kwa vitendo akaniuliza, bila ubaya, "Shangazi, na wanaume wao wanawezeshwa na nani?" Nikamwambia ashike bango vizuri.

Nikiacha vitenzi, nakuja kwenye majina tunayoitana. Hapa lazima niende taratibu, kwa sababu sitaki kueleweka kwamba natamani ofisi za watu kuitana majina matupu. Kijana niliyemzidi miaka ishirini akiniita kwa jina langu la kwanza, bila dada wala shangazi, nitaitika, lakini moyoni nitakuwa nimeshamwandikia barua ya onyo. Undugu wetu kazini ni adabu na mimi naupenda. Shikamoo ya asubuhi kwenye lifti imesuluhisha ugomvi mwingi kuliko vikao.

Ila familia ina kazi zake. "Kaka" huingia ofisini mikono mitupu. "Dada" huingia na sinia.

Nilishuhudia kikao cha watu wanane. Katibu muhtasi alikuwa na ruhusa ya msiba. Mwenyekiti akazungusha macho kutafuta wa kuandika. Yakapita kwa kijana wa mafunzo kwa vitendo, aliyekuwa na daftari wazi mbele yake na hana jukumu lolote duniani siku ile. Yakampita afisa ugavi. Yakatua kwa mhasibu mkuu, mwanamke, mwenye stashahada ya juu ya uhasibu na bajeti nzima ya mradi kwenye kompyuta yake. "Dada yangu, hebu tusaidie kuandika." Alisema kwa upole kabisa, na neno "tusaidie" halikataliki, kwa sababu anayekataa kusaidia ndiye mkorofi. Akaandika. Sasa ukitaka kujua gharama ya jambo lile, ulitazame jedwali la muhtasari wenyewe: kila aliyesema ana mstari wake, na mwandishi hana. Mkono unaofukuzana na maneno ya wengine hauna muda wa kunyooka. Hoja ya bajeti ilijadiliwa na watu saba wasioijua, mwenye kuijua akiwanakili.

Kisha chai ikaja, na vitumbua. "Akina dada, karibuni mtuhudumie." Walikuwa wawili. Wote wakasimama, na hata mimi niliyealikwa kama mgeni nilijikuta nimeshika chupa ya chai kabla ya kujua nimesimama saa ngapi.

Mfanyakazi mwenzetu akifiwa, kamati hujigawa yenyewe. Wanaume wanashika usafiri, jeneza na "mipango". Wanawake wanashika masufuria. Mweka hazina anaweza kuwa mwanamke, kwa sababu wanasema sisi ni waaminifu. Nami sijawahi kujua kama hiyo ni sifa au ni kazi ya ziada. Na tukumbuke neno lenyewe linakotoka asubuhi: mijini, "dada" ni pia jina la msichana wa kazi, yule tuliyemwachia watoto na ufunguo wa stoo. Bosi wangu anayenijia na "dada, niletee ile faili" ametoka kumwambia mwingine "dada, nipashie maji" nusu saa kabla. Sijui kama masikio yake yanatutofautisha.

Halafu kuna mama, na hapa mambo ni mazito zaidi. Kijana wa miaka 35 akikalia kiti cha ukurugenzi anageuka "mzee" kabla ya unywele mmoja kubadilika. Mzee kaingia, mzee hataki, subiri mzee asaini. Mwanamke kwenye kiti hichohicho ni "mama". Yote mawili ni heshima. Tofauti ni kile unachokitegemea unapobisha hodi. Kwa mzee unategemea uamuzi. Kwa mama unategemea huruma, uvumilivu, kusamehewa kuchelewa, na labda mkopo mdogo hadi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mzee akikataa kusaini, kakataa. Mama akikataa, kasaliti: "mama gani huyu?" Mzee mkali ni mtu wa msimamo. Mama mkali ana matatizo nyumbani.

Gertrude Mongella aliongoza maandalizi ya Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake, mjini Beijing, mwaka 1995 akiwa katibu mkuu wake, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Tanzania inamjua kama Mama Beijing. Kwa mapenzi, ndiyo. Lakini mji wenyewe ulipofika vijiweni na maofisini ukageuzwa kejeli: mwanamke aliyeuliza swali la pili kwenye kikao aliambiwa "acha mambo ya Beijing". Bungeni pia nilikuwa nikifuatilia majina. Samuel Sitta, Spika wa 2005 hadi 2010, alijinadi kwa "kasi na viwango", na hivyo ndivyo anavyokumbukwa, kwa namna ya kufanya kazi. Aliyemfuata, Anne Makinda, Spika wa kwanza mwanamke, alikumbatiwa na kuwa Mama Makinda, kwa undugu. Tulia Ackson alipokalia kiti hicho mwaka 2022, wengi walimwita Dokta Tulia. Naona shahada ya uzamivu ina manufaa ambayo chuo hakikuyaandika kwenye prospekta.

Rais Samia naye mwanzoni, wakati wa maombolezo, aliona haja ya kuwaambia waliokuwa na mashaka kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais, mwenye maumbile ya mwanamke. Alianza na kazi, maumbile yakafuata. Wananchi wakampokea na kumwita Mama, na ndani ya miezi michache ikawa mama anaupiga mwingi, mama yuko kazini. Sitasema neno hilo lilimpunguzia. Katika nchi hii mama ana kinga ambayo cheo hakina; wanasiasa wanalijua hilo, na yeye pia. Lakini kinga ina kodi yake, na sijawahi kusikia mzee yeyote akiulizwa kama ana uchungu na watoto wake kabla ya kupandisha tozo.

Kenya neno mama wameliweka kabisa kwenye siasa za kila siku. Katiba yao ya 2010 ilianzisha viti 47 vya wabunge wanawake, kimoja kwa kila kaunti, na wote hupigiwa kura na wananchi wa kaunti nzima, eneo lilelile la seneta. Mtaani mbunge huyo ni Mama Kaunti. Seneta sijasikia akiitwa Baba Kaunti. Kwetu Tanzania mbunge wa viti maalumu husemwa nini? Kapewa.

Nje ya siasa, kaa nusu saa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, hospitali yoyote ya wilaya. Anapita mwanamke mwenye koti jeupe na kipimo cha mapigo ya moyo shingoni: "Sista, samahani, daktari anakuja saa ngapi?" Anapita mwanamume na sinia la bandeji: "Dokta, shikamoo." Yule muuguzi wa kiume anaitikia marahaba na kuendelea na safari yake, naye utamlaumu vipi, maana kusahihisha benchi zima kila siku ni kazi nyingine isiyo na posho. Binamu yangu ni daktari. Miaka ya mwanzo alikuwa akieleza: mimi ndiye daktari, yule ni nesi, na wagonjwa walimtazama kwa shaka kama mtu anayejisifu. Siku hizi akiulizwa daktari anakuja saa ngapi hujibu, "Nimeshakuja," anafungua mlango wa chumba chake, anaita namba moja.

Sisi waandishi nasi tuna mkia wetu: wa kike. Rubani wa kike, fundi wa kike, dereva wa kike, mwamuzi wa kike. Kwenye kichwa cha habari mkia ule unauza, nami nimeutumia mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Unasema kwa sauti ya chini kwamba rubani, akiachwa peke yake, ni mwanamume. Upande wa pili "kiume" si mkia, ni kipimo cha kazi yenyewe: jikaze kiume, ongea kiume, kazi kaifanya kiume. Hata sifa kubwa hutolewa kwa kumtoa mtu kwenye jinsia yake. Martha Karua, waziri wa sheria wa Kenya hadi alipojiuzulu mwaka 2009, alisifiwa na mashabiki wake kwamba ndiye mwanamume pekee katika baraza la mawaziri la Mwai Kibaki. Ilikusudiwa kuwa pongezi.

Na mwanamume akifanya kazi tuliyoizoea kuwa ya wanawake? Anazaliwa upya kwa jina la ufundi. Mwanamke anayepika ugali na maharage nje ya geti la ofisi ni mama lishe, yaani mzazi wa wenye njaa wote. Kijana wa pembeni yake anayekaanga viazi ni mtu wa chipsi, na anayechoma nyama ni mchomaji, mwenye jina, wateja wake na bei isiyopunguzwa. Mama lishe unamkopa. Mchomaji humkopi.

Neno ninalolihusudu ni afande. Limetoka Uturuki, enzi za Waosmani, likiwa heshima ya mabwana, likapita kwa wanajeshi likafika kwetu, na njiani likapoteza jinsia kabisa. Ukifika kituo cha polisi na kaunta ameikalia mwanamke, hutamwita dada wala mama, hasa kama wewe ndiye mwenye kesi. Utamwita afande, na mkono utautoa mfukoni. Cheo kimetangulia, mtu kafuata. Ndugu lilikuwa neno la namna hiyo pia, enzi za chama cha TANU, na bado linadunda kwenye mahudhurio ya vikao kwa kifupi chake, Ndg. Lakini usifurahi haraka. Soma mashahidi kwenye hukumu za mahakama zetu: askari wa kiume ana herufi moja na namba yake, askari wa kike namba yake inatanguliwa na WP, polisi mwanamke. Kwenye kaunta ni afande, kwenye karatasi mkia umerudi.

Kuhusu "mrembo" nitasema kidogo, kwa sababu hakuna utata wa kufafanua. Mwanamume anayemwita mfanyakazi mwenzake mrembo mbele ya wateja amemvua jina. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, unyanyasaji wa kijinsia kwa maneno ni kosa la jinai Tanzania. Sidhani kama wakubwa watano katika kumi wangekubali kwamba kinywa kinaweza kushtakiwa. Nitawauliza wa kwetu, nikishastaafu.

Na likizo ya uzazi. Sheria ile ya ajira ya 2004 inampa mama siku 84, na 100 kama amejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba siku tatu. Kenya baba ana wiki mbili. Anayerudi baada ya siku 84 za kutolala hupokelewa na "karibu, likizo imekukubali, umenawiri". Baba aliyethubutu kuzichukua zile tatu zote anaulizwa kama naye ananyonyesha. Nimewaona wawili wakizigeuza kuwa "safari ya dharura nyumbani", wakaaminiwa, wakapewa pole.

Yule dada wa kitengo cha madai nilikutana naye mwaka juzi Kivukoni, tukisubiri pantoni ya Kigamboni. Alikuwa ameacha kazi pale na kufungua ofisi yake ya uwakala wa bima. Tulisalimiana vizuri, watoto wazima, mvi zimeanza. Sijui kilichonipata, labda ni lile jua, nikamwambia. Nikamwambia kuhusu Jumatatu ile, jikoni, kapewa na nani, na kwamba nilicheka.

"Nilisikia," akasema. "Jiko lile halikuwa na mlango."

Akanieleza alivyoketi dawati la madai miaka tisa. Usaili alifanyiwa mara tatu kwa nafasi ileile. Mara mbili za kwanza waliopata walikuwa wanaume aliowafundisha kazi yeye. Hakusema kwa uchungu. Alikuwa akihesabu kwa vidole, kama mtu wa madai anavyohesabu viambatisho. Nikaanza kutafuta la kusema, na geti likafunguliwa. Umati ukasukuma, bodaboda zikipenya ubavuni, mtu wa samaki na beseni lake kichwani, na nikahisi nachukuliwa upande usio wangu. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanishika, akanivuta hadi ndani.

Nimeshikwa mkono.